Namba 44 wa Toronto: je, jozi ya kwanza inamfaa?

Hukumu naitoa mapema, maana wengine mnasomea kwenye basi. Naandika kabla ya msimu wa 2025-26 kuanza. Morgan Rielly ni beki mzuri wa mpira wa magongo wa barafuni, timu yake Toronto Maple Leafs wakimkosa watajuta, na kwenye jozi ya kwanza, ile ya mabeki wawili wanaobeba mechi, mimi simpangi. Swali lenyewe kaniuliza shemeji yangu. Anataka jezi ya bluu yenye namba 44 ya Rielly mgongoni, na jezi halisi hapa Kanada si pesa ya kuchezea. "Shem, kabla sijatoa hela niambie ukweli. Huyu ni beki namba moja, au tunauziwa jina?" Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi, kwa sababu tukibishana kwa mdomo anapandisha sauti na watoto wamelala.

Mimi nilicheza beki wa kati Temeke, timu ya mtaa, viwanja vya vumbi. Mpira wa magongo wa barafuni nimeujulia huku Toronto, kwenye mabenchi ya baridi ya uwanja wa kitongoji, nikimsubiri binti yangu amalize mazoezi kabla jua halijachomoza. Kwa hiyo mchezo huu nautazama kwa jicho la beki. Washambuliaji wana watu wao wa kuwaimba.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona: uwanja ni barafu ya mita 61 kwa 26, umezungushiwa ubao pande zote, kwa hiyo mchezo hautoki nje kirahisi. Kila timu ina watu sita ndani, yaani kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Wanagombania kisahani cha raba ngumu kwa magongo, kwa dakika 60 zilizogawanywa vipindi vitatu. Kubadilishana wachezaji hakusimamishi mchezo. Mtu anaingia, anakimbiza kwa sekunde 45 hivi, anarudi benchi akihema, mwingine anaruka ubao. Mabeki wa siku hiyo ni sita, nao hupangwa jozi tatu, kila mmoja na mwenzake wa kudumu, mara nyingi wa mkono wa kushoto na wa mkono wa kulia.

Jozi ya kwanza ndiyo inayobeba mechi. Hao wawili hucheza dakika 22 hadi 25 kila mmoja. Nyota wa timu pinzani wakiruka ubao, wao ndio wanaoitwa. Mchezo ukianza upya mbele ya kipa wao, wao. Timu ikiongoza kwa goli moja na dakika moja imebaki, wao. NHL, ligi kuu ya mchezo huu Kanada na Marekani, ina timu 32, kwa hiyo kuna nafasi 64 za namna hiyo duniani, na watu wengi huanza ubishi wao hapo: je, Rielly yumo katika mabeki 64 bora? Kwa kipaji yumo, bila wasiwasi. Ila hilo swali halinisaidii kupanga timu. Ninachotaka kujua ni kama anaweza ile kazi, usiku baada ya usiku, dhidi ya watu wale wale wabaya.

Kuna kanuni moja ya kuijua kabla sijaendelea. Mchezo ukisimama, timu mgeni inapanga watu wake kwanza, mwenyeji anapanga wa mwisho. Yaani ukiwa nyumbani unaweza kumficha beki wako dhidi ya mstari wa hatari (mstari ni washambuliaji watatu wanaoingia pamoja). Unasubiri uone nani ameingia, ndipo unatoa jibu. Ukiwa ugenini, maficho hayo hayapo. Beki wa jozi ya kwanza ni yule ambaye kocha wake halazimiki kumfichia lolote, hata akiwa ugenini.

Sasa bei. Oktoba 2021 Rielly alisaini mkataba wa miaka minane wa dola milioni 60, sawa na milioni 7.5 kwa mwaka kwenye hesabu za timu. Ulianza kuhesabika msimu wa 2022-23 na utakwisha 2030, akiwa na miaka 36. Ndani yake kuna kifungu kinachomlinda asihamishwe bila ridhaa yake. Siku aliposaini, ukomo wa mishahara kwa timu nzima ulikuwa dola milioni 81.5, kwa hiyo peke yake alikuwa anakula zaidi ya asilimia tisa. Msimu wa 2025-26 ukomo umepanda hadi milioni 95.5, na kipande chake kimeshuka chini ya asilimia nane. Kwa maneno mengine, kila mwaka anakuwa nafuu kidogo hata asipobadilika. Tatizo ni kwamba mtu aliyevuka miaka 30 anabadilika.

Unapata nini kwa hela hiyo? Unapata miguu. Angalia anapochukua kisahani nyuma ya lango lake. Hatua mbili tatu tu, kichwa kiko juu, na tayari amempita mshambuliaji wa kwanza aliyetumwa kumbana. Mabeki wengi wa ligi hii wakibanwa hukipiga kisahani ubaoni na kuomba Mungu. Rielly anakibeba mwenyewe hadi katikati, anampa mwenzake kwenye mwendo, na timu nzima inasogea mbele kwa utaratibu. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana, maana timu isiyoweza kutoka kwenye eneo lake inachoka, na ikichoka inafungwa.

Magoli nayo yapo. Msimu wa 2018-19 alifunga 20 na kutoa asisti 52, jumla pointi 72, akashika nafasi ya tano kwenye kura za tuzo ya Norris ya beki bora wa mwaka. Aliyeichukua alikuwa Mark Giordano wa Calgary, mtoto wa Toronto ambaye baadaye alirudi kuchezea Leafs. Msimu wa 2023-24 Rielly alipata pointi 58 katika mechi 72. Na katika mechi za mtoano za 2023, ugenini Tampa, ndiye aliyefunga kwenye muda wa nyongeza wa mechi ya tatu, katika msimu ambao Leafs walishinda raundi yao ya kwanza tangu 2004. Watu wa jiji hili walingoja miaka 19 kwa raundi moja tu. Usishangae wanaompenda wanampenda kwa nguvu.

Kuna na ile ya Februari 2024. Kijana wa Ottawa, Ridly Greig, alibaki peke yake mbele ya lango lisilo na kipa, badala ya kusukuma kisahani taratibu akakipiga shuti kubwa la dharau. Rielly akamfuata akampiga gongo la juu. Ligi ikamfungia mechi tano. Shemeji anasema ndiyo siku aliyoanza kumheshimu. Mimi nasema ni mechi tano bila beki, lakini sitadanganya, usiku ule nami nilicheka.

Ubaya unaanza akiwa hana kisahani. Mshambuliaji anapokuja kwa kasi, beki huteleza kinyumenyume akimtazama. Kipimo chote cha beki kiko kwenye nafasi iliyopo kati yao wawili. Ukimwachia nafasi ndogo, hana pa kuingilia kwenye mstari wa bluu, yaani mpaka wa eneo lenu, atalazimika kukitupa kisahani kwenye kona na mkianza kugombania. Ukimwachia kubwa, anaingia nacho kwenye gongo, anainua kichwa, anachagua. Rielly, ninavyomwona mimi, anaachia kubwa. Anarudi nyuma mapema, kama mtu anayeamini kasi yake itamwokoa baadaye. Mara nyingi inamwokoa kweli. Ila dhidi ya mstari wa kwanza wa timu kubwa, "mara nyingi" haitoshi, maana wale wakipata sekunde moja ya kuchagua wanachagua vizuri.

Halafu mbele ya kipa. Kisahani kikiwa kwenye kona, kazi ya beki ni kujua nani yuko nyuma yake na kumwondoa kwa kiuno, kwa gongo, kwa lugha yoyote. Rielly si mdogo wa mwili, lakini macho yake yanapenda kisahani. Anakitazama kisahani, mtu wake anapotea, na anapomkumbuka, kipa ameshainama kutoa kitu wavuni. Nilipokuwa nacheza Temeke, kocha wetu alikuwa anatukataza mabeki kuangalia mpira zaidi ya mara moja kabla ya kugeuza shingo. Kwa kosa hilo mtu alikuwa anazunguka uwanja mzima.

Ukitaka kuona hayo mwenyewe usiangalie televisheni. Kamera inafuata kisahani, na beki mbaya na beki mzuri wote wanaonekana sawa mpaka goli liingie. Panda ghorofa ya juu kabisa, tiketi ya bei ya chini kuliko nyingine ingawa si ya bei ya chini hata kidogo, chagua mtu mmoja na umfuate zamu nzima hata kama shangwe ziko upande mwingine. Angalia alikuwa wapi sekunde tano kabla ya hatari. Nimemfuata 44 hivyo mara nyingi. Anapendeza kumtazama. Na kila akirudi benchi, mabega yangu yanashuka kidogo.

Ila jambo lililonishawishi zaidi halipo kwenye mguu wala gongo lake. Lipo kwenye orodha ya wenzake. Msimu wake mkubwa wa 2018-19 alicheza na Ron Hainsey, mzee wa miaka 37 wakati huo, kazi yake ikiwa ni kubaki nyuma. Mwaka uliofuata akaletwa Cody Ceci. 2020 akasajiliwa TJ Brodie kutoka Calgary, tena kwa sifa hiyo hiyo, mtu mtulivu wa kuziba. Februari 2022 akaja Ilya Lyubushkin kutoka Arizona. 2023, kabla ya mechi za mtoano, akaja Luke Schenn, na ile jozi ya Rielly na Schenn ilipendeza kweli wakati wa masika. Schenn akaondoka. 2024 Lyubushkin akaletwa tena, safari hii kutoka Anaheim! Kiangazi hicho akaja Chris Tanev. Machi 2025 akaja Brandon Carlo kutoka Boston, na kwa huyo Leafs walitoa kijana Fraser Minten na chaguo la raundi ya kwanza, yaani zamu ya mapema ya kuchagua kijana mpya, na nyongeza juu yake.

Soma tena hiyo orodha polepole. Ni zaidi ya miaka sita ya klabu kumtafutia mtu mmoja mlinzi wake. Kila anayekuja anapewa maelekezo yale yale: kaa nyuma, mwache huyu apande.

Sasa weka pembeni yake Jaccob Slavin wa Carolina. Wote wawili walichaguliwa na klabu zao mwaka 2012, klabu zilipogawana vijana wapya kwa zamu, mwaka ambao katika vijana kumi wa kwanza wanane walikuwa mabeki. Rielly alikuwa wa tano. Slavin alisubiri mpaka wa 120. Slavin hafungi sana, jezi yake huwezi kuiona ikivaliwa mitaani Toronto. Lakini tazama wenzake: Dougie Hamilton, kisha Tony DeAngelo, kisha Brent Burns. Wote watatu ni watu wa kupanda, wote wana sifa ya kusahau kurudi, na wote watatu walistawi wakiwa ubavuni pake. Burns alikuwa na miaka 37 alipofika Carolina, na msimu wake wa kwanza huko alipata pointi 61. Hamilton na DeAngelo waliondoka, jozi ya kwanza ya Carolina ikabaki jozi ya kwanza, kwa sababu nguzo yake haikuhama.

Hapo ndipo ninapopimia. Beki wa jozi ya kwanza ni yule unayeweza kumpa mwenzake yeyote, na yule mwenzake akawa bora. Rielly ni kinyume chake. Akipata mtu sahihi anang'aa, akimkosa anazama, na anayetafutiwa kila mwaka ni yeye.

Shemeji nilimweleza hili kwa ufupi kwenye simu, akanikatiza. "Kwa hiyo wewe unataka beki wa kulala golini? Slavin ana magoli mangapi? Na hao mliompa Rielly mnawaita wenza? Hainsey mzee, Ceci balaa tupu, Lyubushkin ndio usiseme. Lini amepewa mtu wa maana?" Hoja yake ya pili ina uzito, na ninaikubali kwa sehemu kubwa. Kwa miaka mingi Toronto walimpa Rielly makombo. Makocha nao walitaka apande, walipanga mfumo wa timu juu ya kupanda kwake, halafu wanaolalamika wakamlaumu kwa kuwa mbele. Mtu hawezi kuwa pande zote mbili za uwanja.

Lakini jibu la "lini" tunalo. Lilikuja kiangazi cha 2024. Chris Tanev, kwa kazi ya kuzuia, alikuwa miongoni mwa mabeki bora wa mkono wa kulia waliokuwepo sokoni, na Leafs wakampa mkataba wa miaka sita. Msimu wa 2024-25 ukaanza Rielly akiwa na Tanev, vile vile ambavyo kila shabiki alikuwa ameota. Kocha mpya Craig Berube, aliyechukua Kombe la Stanley, ubingwa wa NHL, na St. Louis mwaka 2019, hakuiacha jozi hiyo idumu. Akamtoa Rielly, akampeleka Jake McCabe kwa Tanev, na wale wawili ndio wakawa wanatumwa dhidi ya nyota wa wapinzani mwaka mzima. McCabe hana hata nusu ya kipaji cha Rielly akiwa na kisahani. Ana kitu kingine. Anamfikia mtu mapema, anamgonga, na haoni haya kurudisha kisahani kwa njia ya kijinga ilimradi kimetoka.

Kwa msimu wa 2025-26 McCabe anahesabiwa dola milioni 4.51 na Tanev 4.5. Wote wawili pamoja ni milioni 9.01, jozi ya kwanza nzima, dhidi ya 7.5 za Rielly peke yake. Sisemi Rielly anaiba. Nasema timu imeshajibu swali la shemeji kwa vitendo, hata kama haijalitamka.

Vilevile kwenye faida ya mtu, yaani pale mpinzani anapotolewa dakika mbili na ninyi mnacheza watano kwa wanne. Hapo ndipo Rielly alipokuwa mfalme kwa miaka. Katikati ya msimu wa 2024-25 Berube akaweka washambuliaji watano kwenye kikosi cha kwanza: Matthews, Marner, Nylander, Tavares na Knies. Beki hata mmoja hakuwepo. Mtu ambaye sifa yake kuu ni kushambulia akawa anaangalia kutoka benchi mpaka kikosi cha pili kiitwe. Pointi zake zikashuka hadi 41 katika mechi 82. Wanaosema ameisha wanasahau kwamba alipunguziwa mlango wa kuingilia. Wanaosema hajashuka hawakumtazama Januari.

Halafu ikaja Mei 2025, raundi ya pili dhidi ya Florida Panthers, mabingwa watetezi. Leafs wanaongoza mechi 2-0, wanakwenda Florida kwa ya tatu. Wanaanza vizuri, wanapata mabao mawili ya mapema, baadaye 3-1. Florida wanageuza. Ikawa 4-3 kwa Florida, na kipindi cha tatu nani anasawazisha? Rielly. Nne kwa nne. Shemeji alinitumia ujumbe wa sauti ambao siwezi kuuchezesha mbele ya mama mkwe. Muda wa nyongeza ukaanza, ukasogea, na Brad Marchand akapiga shuti ambalo lilimgonga Rielly mwenyewe likabadilisha njia, likampita kipa Joseph Woll. 5-4. Florida wakapata pumzi, wakashinda mfululizo ule kwa mechi saba, ya saba 6-1 ndani ya Toronto, na mwishoni wakachukua kombe.

Watu wengi wanalitumia lile goli kama ushahidi dhidi yake. Mimi silitumii. Kisahani kumgonga beki ni bahati mbaya, kimewagonga watakatifu kuliko yeye. Usiku ule kwangu unaonyesha kitu kingine: mkataba mzima umo ndani ya mechi moja. Alikupa goli ambalo McCabe na Tanev hawana namna ya kukupa. Na saa ngumu ilipofika, ugenini, bila haki ya kupanga wa mwisho, alikuwa uwanjani akicheza zamu ya aina ile ambayo ningependa aicheze mtu mwingine. Mechi za mtoano zile Rielly alishambulia vizuri kuliko msimu wenyewe, akiwa na Carlo kwenye jozi ya pili. Neno la kushika hapo ni hilo: ya pili.

Carlo anamfaa. Ni mrefu, karibu mita mbili, anatumia mkono wa kulia, hana hamu ya kuonekana, na gongo lake linafika mahali ambapo miguu ya wengine haifiki. Ningewaacha pamoja msimu mzima wazoeane, badala ya kuendelea na mchezo wa kumtafutia mchumba mpya kila Februari. Ningewapa zamu zinazoanzia upande wa adui. Ningewapeleka dhidi ya mstari wa pili na wa tatu wa wapinzani, ambako kasi ya Rielly ni silaha na makosa yake yanasameheka, kwa kuwa wanaomshambulia hawana mikono ya kumwadhibu. Beki wa dakika 20 au 21 kwa staili hiyo ni hatari kwa timu yoyote.

Kuna jambo moja linaloweza kunifanya nipunguze ukali. Kiangazi cha 2025 mshambuliaji Mitch Marner aliondoka kwenda Vegas, na aliondoka na pointi 102 za msimu wa 2024-25. Zaidi ya pointi, ndiye aliyekuwa anakibeba kisahani kutoka nyuma hadi mbele zamu nyingi kuliko mshambuliaji yeyote wa Leafs. Kazi hiyo sasa haina mwenyewe. Kwenye kikosi hiki wanaoweza kukitoa kisahani nyuma kwa utulivu ni Rielly na beki mwenzake Oliver Ekman-Larsson, wengine wanapiga ubaoni. Kama Berube atamrudisha Rielly kwenye faida ya mtu ya kwanza, na sioni kwa nini asifanye hivyo, pointi zitapanda tena, na kelele za "jozi ya kwanza" zitarudi Desemba kama mafua. Mzisikilize kwa tahadhari. Pointi za faida ya mtu hazikuambii lolote kuhusu nani amzuie Aleksander Barkov, nyota wa Florida.

Nyota zangu basi, kwa wanaopenda nyota. Kama beki wa jozi ya pili mwenye ruhusa ya kupanda: nne na nusu kati ya tano, na ile nusu naikata kwa ajili ya macho yanayopenda kisahani. Kama beki wa jozi ya kwanza: mbili na nusu, tatu akiwa na mwenza kamili na mechi ikiwa nyumbani. Kama thamani ya pesa: tatu leo. Nisiulizwe 2029. Kama mtu wa klabu: tano. Zaidi ya mechi 800 akiwa na jezi moja, ndiye aliyekaa muda mrefu kuliko wote waliobaki, na sijamsikia akimtupia mwenzake lawama. Kwa hiyo jezi nunua, shem. Jezi haipangwi dhidi ya mtu.

Msimu unaanza Oktoba 8, 2025, nyumbani, dhidi ya Montreal. Acheni magoli, acheni asisti. Leafs wakiongoza kwa goli moja, dakika mbili zimebaki, Montreal wamemtoa kipa na kuongeza mshambuliaji wa sita, tazameni ni mabeki gani wanaruka ubao. Wakiwa 22 na 8, yaani McCabe na Tanev, jibu ni lile lile la msimu wa 2024-25. Akiwa 44, Berube ameona mazoezini kitu ambacho kutoka ghorofa yangu ya juu hakionekani, na nitaanza kumfuata upya tangu zamu ya kwanza.